Mwaka Niliotengeneza Hendeli

Mjukuu wa Mama Zaina alinipigia simu nikiwa napiga pasi suruali ya mteja. Akasema bibi hali tena chakula cha maana, hatoki kitandani, na ameniulizia mara mbili. Sikuuliza anaumwa nini, maana mtu aliyevuka miaka themanini na tano haulizwi swali hilo. Nilichomoa pasi, nikafunga duka, na kesho yake asubuhi nilikuwa njiani kutoka Handeni kwenda Korogwe, nimepakata mfuko wa machungwa ambayo nilijua hatayala. Mimi si mwoga wa watu. Hapa Handeni wananijua. Nimegombana na mwenye nyumba, na mafundi cherehani wenzangu, na hata na marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa mpole kuliko nilivyostahili. Lakini mbele ya yule mama mdogo wa umbo ulimi wangu umekuwa mzito kwa miaka arobaini. Kulikuwa na jambo la kumwambia kuhusu picha za harusi ya binti yake. Kila Idi niliyokwenda kumsalimu nilikwenda nalo, nikanywa chai yake, nikarudi nalo. Safari hii nilijua huenda hakutakuwa na Idi nyingine.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini. Nilifika Korogwe mwezi wa tatu, mvua za masika zikianza, kufanya kazi katika studio ya Mzee Mhina karibu na stesheni ya reli. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa bustani yenye maua makubwa kuliko vichwa vya watu, na kiti kimoja kizuri ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia isipokuwa mteja. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha, kimetengwa kwa mbao nyembamba, na upande wa pili wa mbao hizo ndipo tulipokula. Mama Zaina, mke wa Mzee, alikuja kila mchana kwa miguu kutoka nyumbani kwao Kwamndolwa, kikapu kichwani: bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda siku za kawaida, wali na maharage Ijumaa, na siku ambazo mtu alivua mto Pangani, kambale wa kukaushwa aliyenukia hadi kwenye karatasi za picha. Aliyekuwa chumba cha giza alisikia kila neno lililosemwa kwenye chakula, na wenye chakula walilisahau hilo kila siku. Nililala kwao, chumba kimoja na binti yao Zaina, kitanda kimoja cha kamba, na baada ya wiki mbili tulikuwa tunavaa khanga za kila mmoja bila kuombana. Mzee alituita wandele, yaani wasichana kwa Kizigua, na alipoita hivyo tuliitika sote wawili.

Kamera zake zilikuwa mbili, zote kuukuu hata wakati ule. Leo mtu akipiga picha anaiona hapo hapo, kwa hiyo niseme ilivyokuwa. Mkanda ulikuwa unatoka kwenye kibweta chake upande mmoja wa kamera na kuviringika upande wa pili, picha moja baada ya nyingine. Ukiisha, ulibonyeza kitufe cha chini na kuzungusha kirungu kidogo juu ya kamera, ili mkanda wote urudi ndani ya kibweta ambako mwanga haufiki. Ndipo ulipofungua mgongo wa kamera. Ukifungua kabla haujarudi, mwanga unaila kazi yako yote. Lakini huwezi kuona ndani, kwa hiyo kilichokuwa kinakuambia ni vidole tu. Kirungu kinakuwa kizito, kizito, halafu ghafla kinalegea, mkanda umeachia. Pale studio neno lilikuwa nyepesi. Anayezungusha alisema “nyepesi,” na mwenzake, hata kama ana mteja, alikuja kuweka vidole vyake akazungusha naye. Akisema “nyepesi” wa pili, kamera inafunguliwa. Bila nyepesi mbili haifunguliwi. Nilipofika niliona ni ushirikina wa mzee, nikamwambia Zaina, tukacheka chini ya shuka.

Shida ilikuwa vidole vya Mzee Mhina. Viungo vilikuwa vimevimba, na kile kirungu kilikuwa kidogo kuliko kifuniko cha soda. Alizungusha mara tatu akapumzika, mara tatu akapumzika, na jasho likimtoka juu ya midomo. Hakulalamika, ila siku moja kutoka chumba cha giza nilimsikia akimwambia mkewe kwamba akishindwa kurudisha mkanda itabidi arudi shamba, na shamba nako kuna jembe. Mama Zaina akamwambia ale kwanza. Wiki hiyo hiyo akaja daktari mmoja mgeni aliyekuwa akipita kwenda Lushoto, kamera yake ya aina ile ile kama ya mzee, ila juu ya kirungu ilikuwa na kitu sijapata kukiona: kikofia cha chuma kilichovikwa juu ya kirungu, na mkono mdogo wa kukunjuka. Unaukunjua, unauzungusha kama hendeli ya lori la zamani, na mkanda unarudi kwa nusu dakika. Alisema kwao vinauzwa peke yavyo, mtu ananunua na kuongeza kwenye kamera yake kuukuu. Alituachia kamera siku mbili tumsafishie lenzi. Siku mbili hizo sikulala mchana wala sikukaa. Nilichora kile kitu kwenye daftari la wateja kutoka kila upande.

Ya kwanza niliitengeneza kwa shaba ya kichwa cha jiko bovu la mafuta ya taa. Niliikata, nikaikunja, nikaipiga tupa mpaka ikawa kofia ya kukaa juu ya kirungu. Mkono ulikuwa ubavu wa mwavuli, na pa kushikia niliweka kifungo cha koti. Mzee alitaka kofia ibanwe kwa skrubu tatu ndogo zinazouma kwenye meno ya kirungu, na alitaka niiache wazi juu, ili mtu aone kirungu chenyewe kinazunguka humo ndani. Skrubu ndogo za namna hiyo hazikupatikana Korogwe nzima. Mimi nikagundua kwamba ukikata utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli na kuuvisha kirungu kwanza, kofia inakaa kwa nguvu, haikwaruzi, na inatoka ukitaka. Na juu nikaiziba, kwa sababu ikizibwa ilipendeza. Mzee aliigeuza geuza, akasema, “Unanificha kirungu, mwanangu.” Lakini alipoizungusha, mkanda ukarudi bila yeye kupumzika hata mara moja, akaondoka akaenda kusimama nje uani. Nilipata sifa siku hiyo ambazo sijapata tena maishani, na zilinilevya. Sitafuti neno zuri zaidi.

Habari ikaenea. Wapiga picha wa Mombo na wa Handeni walileta kamera zao nizivike hendeli. Mmoja wa Mashewa, kwa shukrani, alinipa mkanda mzima mpya, na mikanda siku zile ilikuwa adimu kuliko sukari. Niliuficha kwenye sanduku langu chini ya nguo, nikingoja siku nitakayokuwa na kamera yangu. Nilikuwa nimekwisha kuchagua jina la studio. Zaina peke yake ndiye aliyelijua, na alinitania kwa jina hilo kila aliponitaka nichote maji zamu yake. Alikuwa amechumbiwa na kijana mkulima wa Sindeni, upande wetu wa Handeni, mtu wa maneno machache aliyekuja na baba zake wadogo na kukaa mkekani akiangalia magoti yake. Zaina alimpenda. Aliniambia hivyo wazi, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. Na hapo ndipo Mama Zaina alipokumbuka kwamba ndani ya nyumba ile ya mpiga picha hapakuwa na picha hata moja ya binti yao. Aliyopigwa utotoni ililiwa na mchwa, na baada ya hapo mkanda ulikuwa ni wa wateja. Mzee alikubali kosa lake. Akatenga mkanda mmoja kwa harusi, picha thelathini na sita, na akasema atapiga mwenyewe.

Asubuhi ya harusi, mwezi wa sita, nilimpaka Zaina mafuta ya nazi nywele zote, nikamsuka, nikampaka mabega na miguu. Katikati ya kazi hiyo Mzee akabisha mlango, akasema hendeli inacheza kidogo, niitazame. Nilikata utepe mpya wa mpira, nikavua ule wa zamani, nikavisha mpya, nikakaza kofia. Nilifuta mikono yangu kwenye khanga. Ninakumbuka kuifuta, na ninakumbuka vilevile kwamba khanga yenyewe ilikuwa na mafuta. Mzee akafunga mkanda kwenye kamera, akaanza kupiga humo humo chumbani kabla wageni hawajajaa, mimi nikishika pazia la dirisha ili mwanga uingie. Picha nane hivi alimpiga peke yake. Zilizobaki zilikuwa za ndoa, za masheikh, za mama na mashangazi, na ya mwisho ya Zaina akipandishwa kwenye gari la kwenda Sindeni, watu wamemzunguka, naye amefunikwa. Alipopita mbele yangu alinifinya mkono kwa nguvu nikaumia. Sikujua kwamba siku za kuonana naye zilikuwa zinahesabika, na hakuna aliyejua.

Alasiri Mzee alikuwa hoi. Akanipa kamera, akaniambia niende studio nikarudishe mkanda na kuusafisha, kesho aamkie picha. Studio ilikuwa tupu, mji mzima ulikuwa Kwamndolwa kwenye pilau. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, chini ya dirisha, kwa sababu hapakuwa na wa kunikataza. Nikabonyeza kitufe, nikakunjua mkono, nikazungusha. Ilikuwa nzito kidogo mwanzoni, halafu ikalegea mapema, nami nikajisifu: hendeli yangu, hata mkanda unaona raha kurudi. Nikasema “nyepesi” kwa sauti, chumba kitupu. Hakuna wa kusema ya pili. Nikafungua mgongo wa kamera.

Mkanda ulikuwa umetanda mle ndani, wa kijivu, unang'aa, na jua la alasiri limeuangukia wote. Haukuwa umerudi hata kidogo. Kilichokuwa kimezunguka ni kofia yangu peke yake, inateleza juu ya mpira wenye mafuta, na kirungu chini yake kimetulia, nami sikukiona kwa sababu nilikiziba. Nilifunga mgongo wa kamera kwa kishindo. Ilikuwa sekunde mbili, labda tatu. Sasa nitasema jambo ambalo mtu wa kazi ile atalijua na mwingine hatalijua. Mkanda ukifunguliwa namna hiyo hauharibiki wote. Umeviringika, tabaka juu ya tabaka, na mwanga wa ghafla unachoma matabaka ya nje. Picha za mwanzo kabisa zimo katikati, zimefunikwa na nyingine zote. Mara nyingi zinapona, zina weusi pembeni tu. Nililijua hilo, Mzee alinifundisha mwenyewe. Zile nane za Zaina chumbani zilikuwa katikati. Nilichotakiwa kufanya ni kuingia chumba cha giza, kuutoa mkanda kwa mkono, kuusafisha, na kumpelekea Mzee kilichopona pamoja na ukweli.

Sikufanya hivyo. Nilikaa kwenye kile kiti kizuri nikawaza watu wa Mombo na Handeni wakisikia kwamba hendeli ya Rehema imekula harusi ya binti wa Mzee Mhina. Niliwaza jina la studio yangu. Mkanda ulioungua nje na kupona ndani ungesema kila kitu, Mzee angeutazama mara moja tu akajua umefunguliwa kwenye mwanga. Basi nikaufungua tena, kwa makusudi, nikauvuta wote nje mpaka mwisho, nikautia kwenye jiko la mkaa tulilochemshia chai. Ukajikunja na kunuka. Kisha nikaenda nyumbani, watu bado wanacheza ngoma uani, nikatoa kwenye sanduku mkanda niliopewa na mtu wa Mashewa, nikarudi nao, nikausafisha ukiwa haujapigwa kitu. Mkanda usiopigwa kitu unatoka mweupe, wazi, unaona mpaka upande wa pili. Anayeuona atadhani ni mkanda ambao haukushika kwenye meno ya kamera tangu unafungwa, na kamera ikawa inalia bure. Na aliyeufunga asubuhi ile alikuwa Mzee.

Kesho yake aliunyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akauangalia wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, mimi nikifuta meza iliyokuwa safi. Sikumtazama. Akasema, “Haukushika,” basi. Akauweka mkanda mezani, akafungua na kufunga vidole vyake, akafungua na kufunga. Mchana nilikuwa chumba cha giza, na kupitia zile mbao nilimsikia akimwambia mkewe kwamba mkanda aliufunga yeye, kwamba vidole havisikii tena, na kwamba hatagusa kamera ya mtu tena asije akamfanyia mwingine hivi. Mama Zaina hakumlaumu. Alimwambia binti hajahama nchi, Sindeni si mbali, baada ya mavuno watakwenda wampige kwa nafasi. Nilisimama gizani na mikono yangu kwenye maji ya dawa, nikajiambia nitasema jioni. Jioni nikajiambia nitasema Ijumaa. Nawajua watu wanaosema kwamba dhambi moja kubwa inakuja kwa kishindo. Yangu ilikuja kwa kuahirisha.

Mzee hakugusa kamera tena. Aliniachia zote mbili, akawa anakaa nje ya studio akiongea na wapita njia, na kila aliyemuuliza alimwonyesha vidole. Baada ya mavuno aliniambia niende Sindeni mimi nikampige Zaina. Nikasema sawa, nikapata sababu ya kutokwenda: wateja wa pasipoti, kisha mvua za vuli, kisha barabara. Ukweli ni kwamba nilimwogopa Zaina. Alikuwa ananijua mno, angeniuliza swali moja nami ningefunguka. Mwezi wa kwanza tukasikia ni mjamzito wa miezi sita, Mama Zaina akaanza kushona vinguo. Mwezi wa tatu akaja shemeji yake Zaina kwa baiskeli, hakusalimia sawasawa, akaomba maji, na tulijua kabla hajayanywa. Zaina alifariki akijifungua, na mtoto naye. Tulizika Sindeni siku hiyo hiyo. Mzee Mhina alisimama pembeni ya kaburi amefumba viganja vyake ndani ya kanzu. Nilimaliza arobaini nikaaga. Hendeli zote nilizokuwa nimevika nilizifuata, Mombo, Mashewa, Handeni, nikazivua moja moja, nikawaambia wenyewe mpira unaharibika. Nikajifunza cherehani. Mzee aliishi miaka tisa baada ya hapo, akafa akiamini ni yeye.

Mama Zaina nilimkuta kitandani amelala ubavu, mdogo kama msichana. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba, akataka kujua kama mvua imenyesha kwetu. Mjukuu akatuachia chumba. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamshika mkono, nikasema yote bila kupumzika: mafuta, mpira, kofia niliyoiziba, dirisha. Nikasema haikuwa mikono ya Mzee. Kisha nikasema lile jingine, kwamba zile za mwanzo zingepona, na kwamba nilizichoma ili nisijulikane. Nilikuwa nalia, na nilikasirika kwa kulia, kwa sababu hiyo haikuwa haki yangu.

Aligeuza uso wake ukanielekea.

“Ngapi?” akauliza.

“Nane, mama. Labda saba.”

“Hata moja ingenitosha,” akasema. Hakuisema kwa hasira. Baadaye akafumba macho, akaniambia, “Sura yake imenitoka, Rehema. Wajukuu wananiuliza shangazi alikuwaje, nasema alikuwa mweusi wa kung'aa, basi, nakwama. Wewe ulikuwepo mle chumbani. Niambie zilikuwaje.”

Nikamwambia. Ya kwanza amekaa kitandani, miguu imenyooshwa, hina haijakauka. Ya pili amegeukia dirisha kwa sababu baba yake alimwambia ageuke, na shingo inang'aa mafuta. Ya tatu amenyanyua mikono yote miwili usawa wa mashavu ili hina ionekane, na khanga imeteleza bega moja.

“Anacheka?” akauliza.

Nilitafuta. Nilikiona kitanda, niliona viganja, niliona pazia nililolishika na vumbi kwenye mwanga. Usoni palikuwa peupe. Ningeweza kusema ndiyo. Ingemtuliza, na hakuna duniani ambaye angenikanusha, na ulimi wangu ulikuwa umekwisha kujiandaa.

“Sijui, mama,” nikasema. “Sikumbuki.”

Mkono wake ulikaa mkononi mwangu. Nje mtu alikuwa anatwanga, akaacha, akaanza tena.

“Haya,” akasema Mama Zaina. “Ya nne.”